Mtoto na Wenziwe

Kila mwaka kurasa za magazeti hujaa maneno juu ya bei ya tumbaku, juu ya mvua, juu ya barabara na juu ya shule. Hayo ni mambo makubwa, na ni haki yaandikwe. Lakini liko jambo moja ambalo watu wengi huliona dogo mno hata lisistahili wino, nalo ni mchezo wa mtoto mdogo: anacheza na nani, anacheza wapi, amekwenda nyumba ya nani, atarudi saa ngapi, na ni nani aliyempa ruhusa. Sisi twaona ya kwamba jambo hili si dogo hata kidogo. Na kama pako mahali katika nchi yetu ambapo ukubwa wake waonekana waziwazi, mahali hapo ni Ulyankulu, katika Wilaya ya Kaliua, Mkoa wa Tabora.

Neno letu, kwa ufupi, ni hili. Mtoto wa miaka mitatu, minne, hata minane, anayo maisha ya ujirani kama aliyo nayo mtu mzima. Ana marafiki, ana wageni, ana mialiko, ana ugomvi na ana upatanisho. Maisha hayo hayajiendeshi yenyewe. Yakiachwa ovyo huharibika. Yakibanwa kupita kiasi hufa. Na yakigawanywa kwa kabila na asili huwa sumu ambayo kizazi kizima kitainywa. Kwa hiyo ni wajibu wa wazazi kuyasimamia kwa akili ile ile wanayoitumia kusimamia shamba na mifugo.

Na tuitazame kwanza siku ya mtoto wa Ulyankulu. Asubuhi yuko shuleni au katika darasa la awali. Mchana, kama ni msimu, arudipo nyumbani haoni mtu, maana wakubwa wote wako katika tumbaku. Kabla ya mvua wanamwagilia vitalu. Mvua zikianza wanahamishia miche shambani. Kisha huja palizi, na baada ya palizi mavuno, na kukausha majani katika mabani kwa moto wa kuni usiolala usiku wala mchana, na kuchambua madaraja hata katikati ya mwaka. Mwenye ng'ombe ana kazi ya malisho na maji. Alasiri ziko madrasa. Mwisho wa juma yako mafundisho ya kanisani na kwaya ya watoto. Kwa wenye uwezo yako pia masomo ya ziada ya jioni. Na tumbaku ikiisha kuuzwa, fedha ikiingia mkononi, ndipo huja harusi, ngoma, ubatizo, kipaimara, na siku hizi hata sherehe za kuzaliwa zenye keki na mishumaa, na mtoto hutakiwa kila mahali.

Basi huyu mtoto ambaye watu husema hana shughuli, kumbe ana shughuli nyingi kuliko diwani. Miezi mingine hana hata saa moja ya kucheza. Miezi mingine hana hata usiku mmoja wa kulala mapema. Na katika yote hayo, ni nadra kusikia mzazi ameketi na kuuliza: je, wiki hii mtoto wangu amecheza na nani, na wamechezaje?

Makosa tunayoyaona ni ya namna tatu. Tutayataja moja moja, maana dawa ya moja si dawa ya jingine.

Kosa la kwanza ni la mtoto asiye na mwangalizi. Huyu hutoka asubuhi akala uji nyumba hii, akala mihogo nyumba ile, na jua likizama hurejea kwao mwenye vumbi, na hakuna aliyejua alikuwako wapi. Wazee watasema ya kwamba ndivyo walivyokua wao, na kwamba zamani kila mama alikuwa mama wa kila mtoto. Twakubali. Lakini kijiji cha zamani kilikuwa na macho mengi. Bibi alikuwa barazani, shangazi alikuwa kisimani, na mtu mgeni alipopita njiani kila mmoja alimwona. Leo macho hayo yako katika tumbaku, au sokoni, au mjini. Njia ambayo jana ilikuwa ya baiskeli leo ni ya pikipiki. Kisima kisichofunikwa hakijui mtoto wa nani amekiinamia. Bani lenye moto halijui kubagua mkubwa na mdogo. Na majani mabichi ya tumbaku yaliyolowa umande hupitisha sumu ya nikotini katika ngozi ya mtoto anayejificha humo akicheza kombolela.

Liko na jambo zito zaidi, ambalo watu hulinong'ona badala ya kulisema. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011, juu ya ukatili dhidi ya watoto, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na karibu mvulana 1 katika kila 7, walitendewa ukatili wa kijinsia kabla ya kufika miaka 18. Na mara nyingi mtendaji hakuwa jitu la porini. Alikuwa mtu anayejulikana na mtoto. Mzazi aliyesikia habari hiyo hawezi tena kusema, "Yuko hapo hapo tu kwa majirani," kisha akageuka kulala. Jirani ni baraka, lakini kumjua jirani ni kazi.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo, ni la mtoto aliyefungiwa. Mzazi mwingine, kwa hofu ya hayo tuliyoyataja, au kwa tamaa ya kumwona mwanawe akiwa wa kwanza darasani, humfungia ndani ya ua. Akitoka shule huenda masomo ya ziada. Akitoka huko hupewa simu ya kutazama picha, apate kunyamaza. Mwingine hafungiwi na ukuta bali na kazi. Tunamfikiri hasa msichana wa miaka saba au minane ambaye amembeba mdogo wake mgongoni tangu mchana hata magharibi. Wenzake wanaruka kamba, wanacheza rede, wanadaka vijiwe vya mdako. Yeye amesimama kando akibembeleza. Watu humsifu kuwa ni mtoto mwenye adabu. Ni kweli anayo adabu, lakini utoto wake unamwagika kama maji katika ndoo iliyotoboka.

Yako mambo ambayo mtoto hafundishwi na mwalimu wala na mzazi, hata wakiwa hodari namna gani. Kungoja zamu, kushindwa bila kulia, kushinda bila kutamba, kukataa jambo baya ambalo kundi limelikubali, kuomba radhi kwa mtu ambaye kesho utamhitaji katika timu, hayo yote hufundishwa na watoto kwa watoto. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Mildred Parten, aliyetoa uchunguzi wake mwaka 1932, alionyesha jinsi watoto wanavyopanda ngazi katika jambo hili. Mtoto mdogo kabisa hucheza peke yake, au hucheza kando ya mwenziwe bila kucheza naye. Ni kidogo kidogo, kadiri anavyokua, ndipo anapojifunza kugawana kazi ya mchezo na wengine. Na huku kwetu, O. F. Raum, aliyeandika juu ya utoto wa Wachaga katika kitabu kilichotoka mwaka 1940, alieleza kwa urefu namna watoto wanavyoigiza mambo ya wakubwa katika michezo yao. Mwenye kumnyima mtoto wenziwe amemnyima ngazi hiyo, na mtu hawezi kuruka vidato vyote siku moja atakapofika miaka ishirini.

Kosa la tatu ndilo linalotuuma zaidi, na ndilo lililotufanya tuitaje Ulyankulu kwa jina. Ni la mtoto anayeambiwa, "Usiende kwa wale." Ili msomaji aliye mbali atuelewe, hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

Nchi hii ya magharibi haikupata kuwa nchi ya watu wa namna moja. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Unyanyembe, na mwendo wa kutoka pwani hata hapa ulikuwa wa miezi mitatu hivi kwa miguu. Wanyamwezi ndio waliokuwa mabingwa wa kazi ile ya upagazi. Richard Burton, aliyefika Kazeh mwaka 1857, aliandika jinsi mvulana wa Kinyamwezi alivyozoezwa kubeba kipande kidogo cha pembe tangu angali mtoto. Katika misafara hiyo walikuwamo pia wanawake na watoto; na tunaweza kuamini kwamba watoto hao, kambi zilipopigwa, hawakuulizana kabila kabla ya kuanza kukimbizana. Wataalamu wengi husema kwamba utani uliopo mpaka leo kati ya Wanyamwezi na watu wa kuelekea pwani, kama Wazaramo na Wazigua, ulikua katika njia hiyo. Na utani ni nini, kama si mchezo wa watu wazima uliowekwa ili wageni wasichinjane?

Mirambo naye, mtemi aliyekufa mwaka 1884 na ambaye jina lake lingali katika Urambo, alikusanya chini yake watu wa makabila mengi. Alipotaka urafiki na Henry Stanley, mwaka 1876, ilibidi damu itoke ndipo wawili hao waitwe ndugu. Watu wazima hupata ndugu kwa gharama. Mtoto hupata ndugu kwa mpira wa matambara.

Kisha ukafika mwaka 1972. Nchini Burundi yalitokea mauaji makubwa, na watu wengi sana wakavuka mpaka kuokoa roho zao. Serikali yetu iliwapokea, na Ulyankulu ikawa mojawapo ya makazi yao. Mengine makubwa yalikuwa Katumba na Mishamo. Waligawiwa mashamba porini, wakafyeka msitu wa miombo, wakajenga. Maji na ardhi vilipoonekana kuwa haviwatoshi wote, maelfu walihamishwa kutoka Ulyankulu kwenda Mishamo kuanzia mwaka 1978. Watoto wao walisoma katika shule za msingi kwa Kiswahili, kama watoto wengine wa nchi hii. Lakini makazi yalikuwa makazi. Mtu alihitaji kibali ili atoke, na aliyekuwa nje hakuwa na sababu nyingi za kuingia.

Miaka mingi ilipita hivyo. Mwaka 2007 Serikali iliamua kuwapa watu hao wa mwaka 1972 nafasi ya kuchagua: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Makumi ya maelfu walirudi. Wengi zaidi waliomba kubaki. Na katika mwaka 2014, baada ya mashauri marefu juu ya kama wangehamishwa kwenda mikoa mingine, watu zaidi ya 160,000 walianza kupokea vyeti vyao vya uraia, wakaachwa waendelee kuishi pale walipokuwa wamezoea. Lilikuwa tendo kubwa, ambalo mataifa mengi tajiri hayakupata kulitenda, na Tanzania ilisifiwa kwa haki.

Lakini cheti ni karatasi. Karatasi humfanya mtu raia; haimfanyi jirani. Jirani hufanywa kwa moto unaoombwa jioni, kwa chumvi inayoazimwa, na zaidi ya yote kwa watoto wanaoingia na kutoka katika nyumba mbili kama kwamba ni nyumba moja. Siku hizi katika nchi ya Ulyankulu na pande zake wanaishi Wanyamwezi waliokuwapo tangu zamani. Wanaishi wajukuu na vitukuu vya wale waliokuja mwaka 1972. Wanaishi Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao kutafuta malisho. Wanaishi Waha na wengineo. Mtoto wa hapo akicheza na wenziwe mwaka mmoja tu, husalimu kwa lugha tatu. Kwa bibi huyu husema "Mwangaluka," kwa bibi yule husema "Mwaramutse," na njiani husema "Shikamoo" kwa kila mkubwa. Neno "mwana" la Kiswahili na "umwana" la Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, na mtoto hulitambua hilo kabla hajajua kusoma.

Basi yule mzazi anayesema, "Usiende kwa wale," anabomoa nini? Mara nyingi hasemi kwa ubaya. Husema kwa mazoea, au kwa sababu ya ugomvi wa mpaka wa shamba, au kwa sababu ng'ombe waliingia katika mahindi, au kwa sababu hapendi chakula chao, au dini yao, au namna wanavyosema. Lakini mtoto hasikii sababu hizo. Husikia jambo moja tu, kwamba wako watu na wako "wale." Na upande wa pili nao wana yao. Liko kundi la wazazi ambao, kwa sababu waliitwa wakimbizi miaka mingi, huwaambia watoto wao wasitoke nje ya uzio, wasije wakatukanwa. Hofu hiyo twaielewa. Lakini matunda yake ni yale yale.

Mtaalamu Liisa Malkki alikaa miongoni mwa Warundi wa Mishamo na wa mjini Kigoma katika miaka ya 1985 na 1986, na kitabu chake kilitoka mwaka 1995. Aliona kwamba waliokaa ndani ya makazi walijitazama kama taifa la peke yao lililo safarini, na waliokaa mjini, waliochanganyika katika kazi, mitaa na ndoa, walikuwa hawajitazami hivyo. Watu walikuwa wa asili moja; tofauti ilikuwa katika nani alikaa karibu na nani. Hilo ni funzo kwetu. Uko mpaka uliowahi kuwatenga watu wa makazi. Tusiujenge upya katika masikio ya watoto.

Sasa twafika katika lile ambalo wasomaji wetu wana haki ya kulidai, yaani, basi tufanye nini? Tutasema machache, tena ya kutendeka.

Mosi, mzazi ajue. Ajue majina ya wenziwe mwanawe, na nyumba zao, na nani mkubwa aliyeko nyumbani mchana. Haitoshi mtoto kujua njia. Mama mwenyewe, au baba mwenyewe, apige hodi siku moja, aketi, anywe maji, ajulishe jina lake. Neno la "Mwanangu hucheza hapa, akinikosea mkanye, na akichelewa mrudishe," ni mkataba bora kuliko mikataba mingi iliyopigwa mihuri. Na mtoto afundishwe kwamba hamna siri kati ya mkubwa na mdogo ambayo mama hapaswi kuijua.

Pili, iwepo zamu. Ikiwa nyumba nne au tano ziko karibu, na wote wana kazi ya tumbaku, hakuna haja kila nyumba iache watoto wake peke yao. Leo mkubwa mmoja abaki na watoto wote katika ua wake, kesho mwingine. Kazi ya shamba haitapungua, maana mikono minne itakuwa shambani badala ya mitano yenye mashaka. Watu wetu wamezoea kulimiana kwa zamu tangu zamani. Wanaoweza kulimiana, waweza pia kuleleana. Na tunaomba nyumba hizo zisiwe za asili moja.

Tatu, kiasi. Mtoto wa miaka mitatu hahitaji kundi la watoto kumi. Mwenziwe mmoja au wawili wamtosha, kwa muda usio mrefu, na mkubwa awe karibu. Mtoto wa miaka sita aweza kukaa na kundi, lakini naye huchoka, na mtoto aliyechoka hugombana. Mialiko nayo ichaguliwe. Katika ule msimu wa fedha na sherehe, mzazi asione haya kusema, "Tutakuja mchana, lakini usiku watoto watalala." Na wenye sherehe za kuzaliwa wasizifanye kuwa mashindano. Mtoto ambaye wazazi wake hawana fedha ya zawadi asibaki nyumbani kwa aibu. Karanga zilizokaangwa na mama yake ni zawadi kamili.

Nne, wageni warudishiwe. Ikiwa mtoto wako hula kwa jirani kila siku, na mtoto wa jirani hajapata kuonja uji wako, hapo hakuna ujirani, kuna mzigo. Na mtoto akialikwa, aulizwe kama kuna chakula ambacho dini ya mwenyeji au ya mgeni haikiruhusu. Jambo hilo huchukua dakika moja kulisema, na husaidia kuepusha kinyongo cha miaka.

Tano, ugomvi wa watoto uachiwe watoto, isipokuwa pana damu au pana uonevu. Wangapi tumewaona wazazi wawili hawasemezani mwaka wa pili kwa sababu ya gololi, na wale wenye gololi walikwisha patana kabla ya jua kuzama! Na ikiwa ni lazima mkubwa aingilie, asiseme kamwe, "Nilijua, ndivyo walivyo." Aseme nani alimpiga nani, basi. Kosa ni la mtoto mmoja. Lisibandikwe kabila zima.

Sita, yule msichana mwenye mtoto mgongoni apewe saa yake. Tunajua nyumba nyingi haziwezi kumkosa. Lakini saa moja kila siku, ambayo mdogo wake atashikwa na kaka, au baba, au bibi, hiyo haimshindi mtu. Kaka naye ana mgongo.

Wako watakaotujibu kwamba kazi ndiyo elimu ya mtoto, na kwamba mtoto anayecheza sana huwa mvivu. Sisi hatupingi kazi. Mtoto afagie, achote maji kwa kibuyu cha kiasi chake, apeleke mbuzi. Lakini sheria yetu wenyewe, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, imetaja haki ya kucheza na kupumzika pamoja na chakula, makazi, mavazi, matibabu na elimu, katika mambo ambayo mzazi anawajibika kwa mtoto wake. Haikuifanya kuwa kitoweo cha anasa. Imeiweka katika sahani moja na ugali. Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1989 juu ya haki za mtoto, ambayo nchi yetu iliyathibitisha mwaka 1991, yasema hivyo hivyo katika kifungu cha 31. Na mwaka 2024 Baraza Kuu la Umoja huo liliamua kwamba tarehe 11 Juni ya kila mwaka iwe siku ya mchezo duniani. Hatusemi hayo ili watu wafanye sherehe nyingine. Twasema ili mzazi ajue kwamba anapompa mwanawe saa ya mchezo hampi zawadi. Anamlipa haki yake.

Wengine watasema, "Sisi tu maskini, hatuna viwanja wala vitu vya kuchezea." Huo si udhuru. Utajiri wa mtoto ni wenziwe. Mpira wa matambara, gurudumu la waya, mwanasesere wa gunzi la mahindi, mashimo ya bao yaliyochimbwa mchangani, na kijumba cha majani cha kucheza baba na mama, hivyo vyote havina duka. Kinachotakiwa ni nafasi na usalama, na hapo ndipo tunapozigeukia serikali za vijiji. Kila kijiji kinapogawa ardhi hukumbuka shule, zahanati, soko na nyumba za ibada. Kikumbuke pia kipande kitupu kilicho karibu na nyumba, mbali na njia ya pikipiki, chenye mti wa kivuli, ambacho hakuna atakayepewa kujenga wala kulima. Visima vifunikwe. Na waalimu wa madarasa ya awali, wanapowapanga watoto wawili wawili, wawachanganye kwa makusudi, maana rafiki wa kwanza wa darasani ndiye mtoto atakayeomba kwenda kwake Jumamosi.

Wahenga walisema kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na kwamba udongo huwahiwa ungali maji. Methali hizo huzoea kutajwa mtu anapotaka kumchapa mtoto. Sisi twazitaja kwa sababu nyingine. Mtoto wa miaka mitano aliye Ulyankulu leo atakuwa na miaka ishirini na mitano baada ya miaka ishirini. Atapiga kura, atagombea mpaka wa shamba, ataketi katika baraza la kijiji, ataoa au ataolewa. Siku hiyo itakapotokea fitina, na mtu akasimama kusema kwamba wale si wenzetu, yatakuwapo majibu mawili tu. Mmoja atainamisha kichwa na kunyamaza, maana hakuwajua "wale" ila kwa kusikia. Mwingine atacheka, aseme, "Huyu? Huyu nilijificha naye nyuma ya bani la baba yake, na mama yake ndiye aliyenitoa mwiba mguuni."

Jibu la pili halitengenezwi siku ya fitina. Linatengenezwa leo alasiri, katika ua, mtoto anapouliza kama aweza kwenda kucheza. Basi, wazazi wa Ulyankulu, nanyi wazazi wa kila mahali penye watu waliotoka sehemu mbalimbali, mtoto akiwauliza hivyo msimjibu upesi kwa ndiyo ya kumwondoa wala kwa la ya kumtisha. Muulizeni anakwenda kwa nani. Simameni, mmshike mkono, mkapige hodi pamoja naye.